Jinsi Mwalimu Lusenge Alivyoizunguka Meza

Enyi watu wa Butembo na Beni, wakulima wa viazi na wachuuzi wa kakao, nanyi mliokwama matopeni na malori yenu, sogeeni! Tegeni masikio niwasimulie tendo lililotendwa katika miaka ya vita, tendo ambalo jemadari yeyote angetetemeka kulikabili. Ee Mola, nipe pumzi. Na wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza, hata sijaanza! Nilikuwa karani wa shule moja hapa Butembo, nami nililiona kwa macho yangu haya.

Yalikuwa majira ambayo kila kilima kilikuwa na jeshi lake, na kila jeshi na muhuri wake. Wanafunzi wa darasa la mwisho wakaketishwa kuandika insha kuu ya jiografia: waeleze jinsi barabara inavyoilisha miji yetu, kisha wachore ramani. Barabara yenyewe siku hizo haikumlisha mtu ila askari wa vizuizi, lakini swali ni swali. Wangali wakiandika, risasi zikalia mtaa wa juu, na watoto wote wakajitupa chini ya mabenchi. Naye msimamizi wao, toka chini ya meza yake, akanguruma: "Muendelee kuandika! Saa inaenda!"

Wakaendelea. Miongoni mwao alikuwamo Séphora, binti wa mkulima wa Kayna, akichora huku amelala kifudifudi. Insha yake, naapa, ilikuwa tamu. Samaki wa Kyavinyonge, pwani ya ziwa Edouard, walipanda milima ndani yake hadi ukasikia harufu. Akifaulu, nafasi ya kusomea uuguzi mjini ilimngoja. Akianguka, ni kurudi Kayna kwa barabara ile ile ambayo kaka yake aliishika mwaka uliotangulia, asifike. Hilo silifanyii mzaha.

Ikawadia siku ya kusahihisha. Sheria ya shule ilitaka kila insha isomwe na walimu wawili. Upande mmoja wa meza akaketi Lusenge wa Butembo, Bwana wa Kalamu Nyekundu, Mpanda-Sifuri asiyejua huruma. Mkabala naye akaketi Maliro wa Beni, Mtetezi wa Nusu Alama. Ramani ya Séphora ikalazwa katikati: duara ni Beni, mraba ni Butembo, msalaba ni Kayna, ziwa kando, na maelezo yote nyuma ya karatasi. Mshale wa kuonyesha kaskazini haukuwepo.

Lusenge akaitazama, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Maliro! Miaka yote nafundisha, sijaona maneno ya namna hii! Huyu mutoto ametia Beni ku sud, huku chini! Kayna iko juu kabisa! Na ziwa Edouard imehamia upande ya Kinshasa, nani aliipatia ruhusa? Sifuri!"

"Umelewa?" akajibu Maliro, akipiga kifua. "Beni ni kwetu, kitovu yangu iko kule! Naiona hapa juu, ku nord, fasi Mungu aliiweka. Ziwa iko ku est, fasi jua inatokea, inatulia. Hii ramani ni muzuri sana. Pointi zote!"

"Sud!"

"Nord!"

Mnacheka? Nyinyi mmekwisha kuelewa, maana hamkusomea jiografia. Wale walikuwa na diploma. Wakapigana kwa maneno hadi chai ikapoa, na hakuna aliyekubali kubandua makalio kitini, kwani aliyetangulia kuondoka ndiye angehesabiwa kashindwa. Bila alama za ramani, Séphora alikuwa chini ya hamsini, alama ya kufaulu, na kalamu nyekundu ilikuwa imeshafunguliwa.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Séphora alikuwa amekuja kuuliza matokeo, akasikia yote.

"Pardon, Mwalimu. Nilichora chini ya benchi. Masasi ilikuwa inalia, nikageuka-geuka. Sikujua tena nord iko upande gani."

Maliro akaitazama ramani, kisha mwenzake aliyeketi mkabala. Akasema polepole, "Lusenge, ndugu yangu, kuja huku, fasi niko."

"Mimi? Nitoke ku kiti yangu?"

"Kuja tu."

Oneni sasa! Lusenge akainuka. Kiti kikalia kana kwamba kinamsihi abaki. Akalipita kabati, akajigonga nyonga kwenye pembe ya meza, akaguna, asirudi nyuma! Akasimama bega kwa bega na adui yake, akainamia karatasi.

"Eh!" akasema. "Ziwa imerudi."

Akamsukuma Maliro. "Na wewe, zunguka."

Maliro akazunguka, akakaa katika kiti cha Lusenge, akatazama, akashika kichwa. "Mama yangu! Hata mimi ningetia sifuri."

Wakamkata alama moja kwa kukosa mshale, maana sheria ni sheria, wakampa zilizobaki. Séphora akafaulu. Akaketi kizingitini akalia kwa sauti, nami karani nikalia naye, sioni haya kulisema.

Basi watunza tarehe waandike. Katika miaka ile wakubwa wa vita waliketi katika hoteli za mbali kujadili amani, kila mmoja upande wake wa meza, ramani yetu ikiwa katikati yao, na hakuna aliyeinuka. Lakini hapa Butembo mtu mmoja aliinuka kitini, akaizunguka meza, na ziwa zima likarudi mahali pake.