Springi ya Mzee Holger

Jumatatu, 22 Novemba 1976

Mkutano wa klabu ya shabaha. Mzee Holger anahama! Wiki ijayo anakwenda kaskazini kuishi kwa binti yake. Waswidi humwita Holger tu, kavu kavu, mtu wa miaka sabini na sita. Mimi siwezi. Mdomo unakataa.

Jumapili atapiga shabaha mara ya mwisho, kwa bunduki yake mwenyewe, ile inayojipakia. Tatizo ni bega. Tangu aanguke kwenye barafu, daktari amemkataza risasi kubwa. Klabu imemnunulia kifaa cha kuibadili: bolti nyepesi, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kila risasi ikipigwa, na magazini ndogo ya kujazia risasi, ili bunduki ile ile ipige risasi ndogo za ukingo, zile zinazogongwa pembeni mwa kitako, zisizosukuma bega. Kumbe kifaa chenyewe kiburi kitupu. Kinapiga moja, kinakwama. Moja, kinakwama.

Nikanyosha mkono. Mimi ni mkereza vyuma kiwandani kule Jordbro, niachieni! Gitau naye akanyosha. Mkenya, fundi wa taipureta, mtu wa kufuta miwani kabla ya kutamka neno. Ikapigwa kura. Waswidi hupigia kura hata rangi ya vikombe. Uamuzi: tushirikiane. Lo!

Lakini najua kinachotafutwa. Ufunguo wa uwanja, alioushika Mzee tangu enzi za vita, lazima upate mrithi. Haikusemwa. Niliisoma machoni mwa watu.

Jumanne, 23 Novemba

Chini kwenye ukumbi wa klabu wa kupigia shabaha, na Gitau. Jioni nzima anasafisha. Anafuta, anatazama, anafuta tena. Nikamwambia kwetu Bukoba fundi anayefuta tu huitwa dobi. Akasema pole pole bwana, chuma kiko sawa, kinachokosekana ni risasi zenye nguvu ya kuirudisha bolti nyuma. Tujaribu za aina mbalimbali, tusiguse kitu kingine.

Yaani ufundi wake ni kutogusa! Nilikuwa na koleo mfukoni muda wote. Sikuombwa hata kulitoa.

Mke wangu Leokadia kaniuliza nimefanya nini leo. Nikasema nimesimamia.

Alhamisi, 25 Novemba

Msiba. Gitau kapata risasi za aina nyingine, kali kidogo, akazijaza kwenye magazini, na bunduki ikapiga zote mfululizo bila kusita. Mzee Holger alikuwepo. Alivua kofia akajipangusa macho. Akasema hakudhani ataisikia tena ikiimba hivyo.

Nilipiga makofi kuliko wote. Moyoni nilikuwa naungua. Ufunguo unakwenda Kenya!

Usingizi umekataa. Nikamwambia Leokadia kwamba risasi zile ni za gharama, na fundi wa kweli angeifanya bunduki ikubali hata zile za kawaida. Leokadia akasema Mzee amefurahi, basi, lala. Wanawake hawaelewi mambo ya heshima.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimefanya!

Nilifika klabu mapema. Ulla, yule mama wa kahawa, alikuwa anapanga mishumaa ya Adventi, ya kungojea Krismasi. Nikamwomba bunduki kabatini nikisema nakwenda kuipaka mafuta, naye akakaa pale pale nami kama sheria inavyotaka, lakini akili yake kwenye mishumaa. Risasi ya kawaida haina nguvu ya kuisukuma springi ya bolti, ile inayoirudisha mbele, sivyo? Basi springi ipungue! Mtoto mdogo angeliona hilo. Kwetu tulikata springi za viti vya lori na watu walikaa vizuri tu. Koleo, kap! Vipande viwili vidogo sakafuni.

Nikajaribu na risasi za kawaida. Zilikwenda zote! Nilicheza peke yangu. Ulla akauliza kama ninaumwa.

Sijamwambia mtu. Jumapili, Mzee akimaliza, nitasimama na kueleza taratibu kwamba risasi za Gitau hazikuhitajika. Nitakuwa mnyenyekevu. Nimeshafanya mazoezi ya unyenyekevu mbele ya kioo.

Jumapili, 28 Novemba

Ee Mungu wangu.

Uwanja wa nje. Theluji, baridi ya kukata masikio. Wote tulikuja. Mzee Holger kavaa suti chini ya koti, na tai. Gitau akajaza magazini kwa risasi zake kali. Mzee akalala kwenye mkeka, akavuta pumzi. Paa! Halafu kimya.

Imekwama.

Gitau akaichukua, akaisukuma bolti, akamrudishia. Paa! Imekwama. Bolti ilikuwa inarushwa nyuma kwa kishindo, kisha inarudi nusu njia tu na kusimama. Springi haikuwa na nguvu ya kuifunga. Nilijua. Mimi peke yangu nilijua.

Mzee akasema hakuna neno. Akaanza kupachika risasi moja moja kwa mkono, vidole vimekauka kwa baridi, akiisukuma bolti kwa kidole gumba. Sisi tumesimama nyuma yake kama kwenye maziko. Alipiga tano, akaacha. Akasema inatosha, asanteni kwa leo.

Gitau akaifungua pale pale mezani, akafuta miwani. Akaiinua springi juu. Ncha imetafunwa. Wote wakaligeukia koti langu, mfuko wa kulia, ulimochungulia mpini wa koleo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Holger akanijia, akanishika bega, akasema anajua nilitaka kumsaidia. Bora angenizaba kofi! Sikutaka kumsaidia. Nilitaka ufunguo.

Na ufunguo wenyewe? Akampa Ulla. Nikauliza kwa sauti ndogo, tangu lini? Wakashangaa. Tulipiga kura Septemba! Wakasema hata mimi nilinyosha mkono. Inawezekana. Wakinyosha, mimi hunyosha. Miaka minane nchi hii, nimejifunza hivyo.

Jumatatu, 29 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda stesheni kumuaga. Gitau alikuwepo, hakunipa mkono. Mzee Holger alikuwa na sanduku moja tu. Nikamwomba radhi, Kiswidi changu kikavunjika katikati. Akasema siku ya mwisho ni siku kama nyingine. Lakini alipopanda treni hakutazama nyuma, na mimi niliona Alhamisi jinsi alivyovua kofia. Ningeacha mikono mfukoni tu, angeondoka na mlio ule masikioni. Nimemnyang'anya, na hakuna treni ya kuurudisha.

Leokadia hakunisema. Kanipikia ndizi. Nimelia juu ya sahani.

Jumamosi, 4 Desemba

Habari njema! Ulla kaja klabu na saa ya ukutani ya marehemu mke wa Mzee Holger. Ilisimama siku ya kuhama, Mzee akamwachia Ulla akiomba itengenezwe, imfikie kabla ya Krismasi. Wakapiga kura ipelekwe kwa fundi wa saa mjini. Nikanyosha mkono pamoja nao, kisha nikakimbilia mlangoni kumwambia Ulla asijisumbue kubeba, mjini nitaipeleka mimi. Nina deni la moyo kwa mzee yule.

Njiani nikawaza, mjini kwa nini? Iko hapa mezani, nimeshaifungua. Ndani safi kabisa, kazi ya watu wa zamani. Nimeona ugonjwa wake mara moja, wala sikuhitaji kuvaa miwani. Ina springi ndefu mno kwa saa ndogo kama hii.