Majalada Sita ya Jiwe

Mtarajiwa alipowaona watu sita wamesimama mbele ya ofisi ya udahili, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kama mama aliyetoka wodi ya wazazi, alitambua kwamba bahati yake imejipanga foleni yenyewe.

Jina hilo la Mtarajiwa alipewa na majirani, kwa kuwa kila mwaka alitarajiwa kuanza shahada ya uzamili na kila mwaka alibaki kutarajiwa. Kamati ilikuwa imemkataa mara tatu. Dada yake, aliyemlaza sebuleni kwa muda wote huo, alikwisha kutoa hukumu: akikataliwa mara ya nne, ataingia kazini katika duka la magodoro la shemeji yake.

"Sikufukuzi, mdogo wangu," alimwambia huku akikunja shuka. "Ila kochi limeshachukua umbo lako, na mimi nalitaka kochi langu."

Kushindwa mara tatu kulikuwa kumemfundisha jambo moja ambalo ushindi usingemfundisha. Mhudumu aliyepeleka chai katika kikao cha kamati alimweleza kwamba wale wahadhiri hawashindanishi insha za waombaji, wala hawatikiswi na barua za sifa. Mwenyekiti huinua jalada, husoma jina la msimamizi ambaye mwombaji amemtaka, kisha humuuliza mhusika kama anamchukua. Akikubali, jalada huwekwa kulia. Akikataa au akinyamaza, huwekwa kushoto, na upande huo Mtarajiwa aliujua kama mtu anavyolijua kaburi la ukoo wake.

Idara ilikuwa na nafasi sita. Waombaji wote humkimbilia mhadhiri mmoja mpole, waliyemwita Bi Taratibu, naye huchagua wenye alama za juu. Alama za Mtarajiwa, kwa maelezo yake mwenyewe, zilitosha kumthibitishia mtu kwamba aliwahi kufika shuleni. Basi ilimpasa kuwaondoa wenye alama nzuri njiani, nao ndio hao sita.

Alijongea, akasalimia kwa unyenyekevu, akajitolea kuwasaidia bila malipo yoyote. Mlaghai asiyeomba hata nauli huaminiwa upesi mno. Aliwaeleza kwamba Bi Taratibu mwaka huu hachukui mtu, na kwamba mwenye nguvu kwenye kamati ni mzee mmoja aitwaye Jiwe. Hakuwaambia kwamba Jiwe aliwahi kumrudishia mwanafunzi tasnifu nzima kwa sababu ya nukta moja, wala kwamba kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuonekana na mwanafunzi hata mmoja.

Mmoja wa wale sita, muuguzi mwenye alama za kutisha na ulimi wa kufanana nazo, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Na wewe, kaka, ulikataliwa mara ngapi?"

"Tatu, dada yangu."

"Halafu unatuelekeza sisi?"

"Nani anaujua mlango kuliko aliyeugonga kwa kichwa?"

Muuguzi alicheka, na aliyecheka amekwisha kunasa. Wote sita waliandika jina la Jiwe. Mtarajiwa alijitenga pembeni, akamwandika Bi Taratibu, akaongeza kwa mwandiko wa madaha kwamba hamtaki msimamizi mwingine yeyote chini ya jua. Jioni hiyo alimshauri dada yake aanze kutafuta kitambaa kipya cha kochi.

Kikao kilifanyika Alhamisi. Kwa desturi ya idara, majalada ya mhadhiri mwenye umri mkubwa zaidi ndiyo hutangulia kusomwa. Mwenyekiti alisoma jina la Jiwe mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufikia mara ya sita, mhudumu alisimulia, mzee alikuwa amevua miwani na kuyafuta macho yake kwa kitambaa cha mezani. Aliwachukua wote, hata kabla hajaulizwa. Mwenyekiti akafunga daftari, kwa kuwa nafasi zilikuwa zimekwisha. Bi Taratibu hakupata hata fursa ya kukohoa.

Orodha ilipobandikwa, Mtarajiwa aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, asije akawa amejipita. Akiwa bado ameinama, aliguswa begani. Alikuwa Jiwe.

"Wale sita wameniambia kwamba wewe ndiwe uliyewaelekeza kwangu," alisema mzee. "Watu hunisifu kwa ukali, kijana wangu, kisha hunikimbia. Sikuwakataa wanafunzi miaka yote hii. Hakuna aliyeniandika."

Mtarajiwa aliuliza kama haiwezekani kujibanza mtu wa saba.

"Ungeniandika, ningekuchukua wa kwanza. Lakini nilipolisoma jalada lako baada ya kikao, nikaona umeapa kwamba hunitaki. Nami huwa siingilii viapo vya watu."

Mtarajiwa alimshukuru, kwani kushukuru hakukuhitaji shahada. Alitoka nje, akampigia simu shemeji yake kuuliza duka hufunguliwa saa ngapi.

"Saa mbili asubuhi," shemeji alijibu. "Lakini nafasi ni moja, shemeji, na wameshaomba wawili. Lete barua, tutaikalia kikao."