Tangazo la Uhuru wa La Rochelle kutoka Ghorofa ya Saba

Nyumba ya Uani, La Rochelle,
Johannesburg.
Jumapili, baada ya chai.

Kwa Mheshimiwa Shangazi Biubwa, Mtawala wa Ukoo, Ghorofa ya Saba, Berea.

Shikamoo Shangazi. Kamati yetu ilibishana kama waasi wanapaswa kuamkia, tukaona tukuamkie tu, maana ugomvi wetu haujafika huko.

Mimi mwanao Mwatumu, uliyenipokea Park Station nilipotoka Tanga na begi moja, ukanilaza kwako Berea miaka mitatu, kisha ukatuhamishia La Rochelle mimi na mume wangu Twalib ili ukoo upanuke, ninakuarifu kwa heshima zote kwamba kuanzia leo nyumba hii ni nchi huru. Ninaandika kwa karatasi kwa sababu utakayoiona katika namba moja.

Aliyetufungua macho ni binti yetu Bushra, ambaye ukimuuliza kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa akijisomea mtihani wa historia, habari za wale walowezi wa Amerika: wakatozwa kodi ya chai na mfalme wa ng'ambo bila kuulizwa, wakanung'unika, wakaandika barua za adabu, wakapuuzwa, wakajibadili sura wakaimwaga chai ya mfalme baharini, mwisho wakashika bunduki. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia, "Hebu rudia hapo kwenye chai." Basi malalamiko yetu ni haya:

1. Kundi la ukoo la WhatsApp umeliweka aandike msimamizi peke yake, na msimamizi ni wewe. Sisi wa La Rochelle kazi yetu ni kusikiliza sauti zako za dakika tisa tisa na kubonyeza kidole gumba. Wiki jana nilibonyeza uso wa huzuni, ukanipigia simu kuniuliza nani kanifundisha kiburi.

2. Chai. Umeamuru tusinywe chai yoyote ila ya majani unayonunua wewe Fordsburg, na kila yakifika tukurudishie ndoo ya maandazi. Spaza, kiduka cha mtaani kwetu, iko hatua ishirini kutoka mlangoni petu na inauza majani mazuri tu. Kwa hiyo Alhamisi tulivaa kofia za kuogea ili tusitambulikane, tukamwaga pakiti zako zote kwenye bafu lililojaa maji. Twalib hakuwa ameambiwa. Aliingia kuoga, akatoka rangi ya kahawia hadi kifuani, na mpaka leo haijatoka. Huyo ndiye majeruhi wetu wa kwanza.

3. Jeshi. Ulimleta mwanao Jumbe akae sebuleni kwetu, eti kwa usalama wetu. Ni kweli ni mlinzi, ana sare na rungu. Lakini analala kwenye sofa letu, anakula kama kikosi kizima, halafu anakuripotia nani kaingia na kabeba nyama kiasi gani. Nasikitika kukuarifu kwamba jeshi lako limeasi. Tulimpa mkate wa kumimina, akahamia upande wetu kabla haujapoa.

4. Hili ndilo hasa. Hayo mengine nimeyatanguliza kupata ujasiri. Umetoa amri kwamba mimi, ambaye mwezi wangu wa kujifungua ni huu, arobaini nitaikalia Berea, na mtoto akiwa wa kike ataitwa Biubwa. Shangazi, lifti yenu, eish, imekufa tangu Bushra yuko chekechea. Nipande ghorofa saba na mshono, na kichanga mkononi? Na jina, hata baba yake hakuulizwa! Imeniuma sana. Huyu ndiye raia wa kwanza wa nchi huru. Atalelewa huku, arobaini yake itakaliwa huku, na jina lake litapigiwa kura.

5. Ulisema mapazia yetu yana rangi ya kihuni. Hayana.

Usidhani tuko peke yetu. Bushra anasema wale walowezi wasingeshinda bila Wafaransa, nasi Wafaransa tumewapata: jirani yetu Mama Léocadie, msusi kutoka Lubumbashi. Si Mfaransa, lakini Kifaransa anakijua, na ana sufuria kubwa kuliko yako.

Sitakuficha kwamba jana Bushra naye alibandika karatasi mlangoni kwake kutangaza kuwa chumba chake ni nchi huru. Huo ni utovu wa adabu, si mapinduzi, na tumeuzima kwa kumnyang'anya simu.

Tunadai kundi lifunguliwe, spaza itambuliwe, na arobaini iwe La Rochelle. Usipojibu kufikia Ijumaa itakuwa vita, na maandazi hutayaona.

Wasalimie wote wa ghorofa ya saba, pamoja na yule mzee wa getini anayesema kila mwezi kwamba fundi wa lifti yuko njiani.

Ni mimi mwanao, nisiye chini yako tena,
Mwatumu,
Rais wa Muda.

N.B. Shangazi, nilipofika namba nne tumbo lilianza kukata, nikadhani ni hasira. Si hasira. Twalib ananipeleka hospitali sasa hivi, na Jumbe anakuletea barua hii mwenyewe. Nimemwambia akuonyeshe hapa kwanza, hayo ya juu utayasoma siku nyingine. Mama Léocadie kachemsha maji, lakini uji wa pilipili manga haujui na kukanda hajui, na nilipomzaa Bushra sikukandwa na mikono mingine ila yako. Naogopa, Shangazi. Nikirudi na mtoto nataka nikukute jikoni kwangu. Uje na ile kanga ya kunifunga tumbo, uje na pilipili manga, na majani ya chai pia, maana ya spaza hayana ladha. Kura ya jina tumepiga hapa mlangoni nikiwa nimeshikilia ukuta. Biubwa limepita bila kupingwa. Vaa viatu uje.