Michirizi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Cheo cha mkuu wa maabara ni kimoja. Tunaokitaka ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Ijumaa atamwonyesha Profesa jaribio lake. Mwanga unapita kwenye nyufa mbili nyembamba, ukutani inatokea michirizi myekundu. Mizuri mno. Inaniudhi!

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Vichujio viwili vya plastiki, kimoja kila ufa: hiki kinapitisha mawimbi ya mwanga yaliyosimama wima, hiki yaliyolala. Nimejifungia kwenye chumba cha giza, nikabandika. Michirizi ikatoweka! Limebaki doa, kama uso uliofutwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi kuhakikisha. Nikapunguza mwanga mpaka ukawa unadondoka chembe moja moja. Mashine ya kunasa chembe, niliyoitega ukutani, ikalia tik. Kimya. Tik. Nikadhani michirizi inaona haya kutazamwa, nikaupa ukuta mgongo nusu saa nzima. Kugeuka: kwenye skrini ya mashine vitone tele, michirizi hakuna. Nywele zikanisimama. Nani alikuwa anatazama?

Nikamuuliza Profesa kijanja, kama mpenda elimu. Akasema kila chembe hupita njia zote mbili kwa pamoja, mawimbi yake mawili yakienda mguu mmoja kama gwaride. Ndipo michirizi inapotokea. Ikitiwa alama ya njia, gwaride linavunjika. Unabaki mchanganyiko tu, nusu huku, nusu kule. Nikauliza, na kama hakuna aliyeitazama hiyo alama?

"Si lazima mtu atazame," akasema taratibu, macho kwangu. "Inatosha kwamba ipo."

Chai imenishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kawasha. Doa! Nikatikisa kichwa kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo. Yeye wala hakushtuka. Akaweka kichujio cha tatu kati ya nyufa na ukuta, kimeinama nusunusu, kati ya wima na mlalo. Alama ikafutika. Michirizi ikarudi gizani, hafifu, kama vidole vya mtu anayepapasa ukuta kwa upande wa pili. Makofi. Cheo kapewa palepale.

Kisha Profesa akanivuta kando, akaniwekea mkononi vichujio vyangu viwili. Juu yake alama ya dole gumba langu, wazi kama muhuri.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu anataka tukampongeze kaka yake. Nitakwenda, tena nikitabasamu. Nimekaa, nimelichambua kosa langu kwa utulivu wa mwanasayansi.

Jumatatu nanunua glavu.