Mtutu wa Marehemu Baba

Leo nimeaibika mbele ya benchi zima la kituo cha polisi, na aliyenifikisha hapo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Msinipigie simu. Nina hasira.

Marehemu baba alituachia shotigani. Ya halali, yenye leseni, aliitumia kufukuza nguruwe pori shambani kwetu Mabawe. Mwenye leseni akifa, silaha inatakiwa ipelekwe polisi. Sisi tukazembea. (Nakiri. Msiba, kilimo, uvivu.) Ikabaki uvunguni kwa mdogo wangu Evarist.

Juzi akajitokeza mnunuzi, Mzee Bukuru wa Nyamigogo. Kibali anacho, na nguruwe wanammalizia mahindi. Akaahidi mtamba wa ng'ombe. Mtamba! Tukakubaliana tukutane kituoni leo, kila kitu kifanyike kisheria.

Asubuhi Evarist akanikabidhi bunduki imeviringishwa ndani ya mkeka, kamba kila mahali.

"Dada, usifungue njiani, watu watashtuka."

Nikamwona ana akili! (Mara ya kwanza na ya mwisho.) Mwenyekiti wa kijiji akanisindikiza na barua yake yenye mhuri.

Kituoni nikamkuta Mzee Bukuru kavaa koti la kanisani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tuione basi."

Benchi limejaa watu. Mimi, ualimu umeniharibu, nikashindwa kunyamaza. Nikahutubia!

"Afande, silaha hii imetunzwa kwa heshima. Baba aliipaka mafuta kila Jumapili. Iko vilevile alivyoiacha!"

Nikakata kamba. Nikakunjua mkeka.

Jamani.

Kikatoka kitu kifupi kama mchi wa kutwangia karanga. Kilichobaki ni kitako tu. Mtutu umekatwa kwa msumeno, tena haukukatwa, umetafunwa! Afande akarudisha kiti nyuma.

"Mwalimu, hii ni ya nguruwe au ya kuteka mabasi?"

Benchi likaangua kicheko. Mwenyekiti, aliyekuja kunidhamini, akahamia upande wa pili wa chumba.

Afande akaamuru nimpigie Evarist na niweke sauti ya nje.

"Evarist! Mtutu uko wapi?"

"Umeshaona, dada? Nilitaka iwe sapraizi! Bastola ni fupi, na ni ghali kuliko bunduki ndefu. Nimeipandisha thamani. Mwambie mzee aongeze na ndama!"

"Na kipande ulichokata?"

"Mama anapulizia moto jikoni."

Afande alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akanieleza kuwa leseni ya baba ilikuwa ya bunduki ndefu. Ukikata mtutu, umetengeneza silaha ya kuficha ndani ya koti, na raia hapewi kibali cha kitu hicho. Haiuzwi, hairithiwi. Itateketezwa.

Mzee Bukuru akainuka taratibu. "Mwanangu, mtamba wangu acha abaki nyumbani."

Nimeandika maelezo kwa saa tatu nzima. Evarist kaletwa na kipande chake kimejaa masizi, sasa yuko mahabusu, na bado anauliza kosa lake ni nini! Mimi nimeachiwa kwa dhamana ya mwenyekiti, ambaye njia nzima alitembea hatua ishirini mbele yangu.

Kesho asubuhi nina kipindi cha Uraia na Maadili, na nusu ya darasa wazazi wao walikuwa kwenye lile benchi. Tafadhali, angalau ninyi msicheke.