Minyoo ya Ndeshi, Dawa Nikanywa Mimi

Jumatatu, 8 Machi 1948

Mke wangu Ndeshi amepauka. Viganja vyeupe. Akitoka mtoni anapumzika njiani kama bibi kizee. Sipendi kabisa.

Jana baada ya ibada, dresa Aminiel, mganga msaidizi wa hospitali ya misheni, alitutangazia: mwenye uchovu na kizunguzungu alete choo chake kidogo ndani ya kiberiti, kipimwe minyoo. Kisha akamsimamisha jirani yangu Dismasi asimulie alivyopona safura. Dismasi! Wanawake walilia. Sasa anakaa benchi la mbele, na kukohoa kwake ni kwa maringo.

Nami nitapata la kusimulia.

Jumanne, 9 Machi

Nimekwenda mwenyewe na kiberiti cha Ndeshi. Kwenye chama cha kahawa nakwenda mimi. Barazani kwa mshili, mkuu wa ukoo, nakwenda mimi. Hospitalini aende mwanamke kwa nini, na kichwa cha nyumba nipo?

Dresa aliuliza choo ni cha nani. Nikajibu, cha nyumba ya Melkizedeki. Akaweka kwenye darubini, akasema minyoo ya safura imejaa tele. Akayatazama mashavu yangu, akashangaa nilivyonawiri. Nami nikashangaa.

Dawa hunywewa pale pale, mbele yake. Nikanywa. Kisha chumvi ya haluli, ya kusafisha tumbo. Mungu wangu! Kutoka hospitalini hadi nyumbani, juu ya mto Maji ya Chai, hakuna shamba la migomba nisilolitembelea.

Alhamisi, 11 Machi

Ndeshi hajapona. Sielewi! Dawa imeingia nyumbani, minyoo bado. Mchungaji alipotufungisha ndoa alisema sisi ni mwili mmoja. Au alisema vile kwa heshima tu?

Nimemwuliza kama anasikia nafuu. Amesema anasikia giza machoni. Nimemwambia avumilie, labda dawa inapita polepole.

Kaanaeli, mke wa Dismasi, amekuja kunicheka. Ameuliza imekuwaje mgonjwa aliyekunywa dawa, yaani mimi baba Anande, anakula ndizi kwa nyama, na mama Anande asiyeumwa amelala. Nikaongeza mchuzi.

Jumamosi, 13 Machi

Ndeshi ameanguka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Niliogopa. Niliogopa sana, sifichi.

Kaanaeli na wenzake wamembeba kwa machela hadi hospitalini. Nimewafuata mbio bila hata kofia. Dresa ametazama macho ya Ndeshi, kisha akaniuliza tena kile choo kilikuwa cha nani hasa. Nikamweleza habari ya kichwa cha nyumba. Akanijibu minyoo haihudhurii baraza. Mwenye nayo ndiye anywe dawa. Akasema Ndeshi amebakiwa na damu kidogo mno, na tungechelewa kidogo tungezika.

Nimelia mbele ya Kaanaeli. Hakucheka.

Jumapili, 11 Aprili

Ndeshi yupo nyumbani! Dawa, vidonge vya damu, mboga, maini. Viganja vimerudia rangi yake.

Leo dresa amemsimamisha yeye kanisani. Ndeshi amewaambia watu wachimbe vyoo na wavitumie, watoto wasitembee pekupeku shambani, na kila mgonjwa anywe dawa yake mwenyewe. Hapo kanisa zima likanigeukia na kucheka. Dismasi alishika benchi asianguke. Sikuona cha kuchekesha. Lakini mke wangu yu hai, na niliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Jumatano, 14 Aprili

Jino! Shavu limevimba, silali. Dresa amesema ling'olewe kesho. Nimeiona koleo yake.

Nimefikiri sana. Habari ya minyoo nilikosea, nakubali: nilikwenda mimi, wakati mkubwa wetu kule hospitalini ni Ndeshi. Wote wanamjua, wanamsalimia kwa jina. Basi kesho aende yeye. Aking'olewa la kwake, langu litatulia.

Nimemweleza vizuri, kwa upole. Amecheka mpaka amekaa chini. Nadhani amekubali.