Ombi la Kuhamishwa kwa Mshauri Aliyenikataza Kutazama Sahani ya Binti Yangu

Kagondo,
Bukoba.

Mpendwa Sista Bernadeta, Msimamizi wa Hospitali,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu lako nalihesabu limeshafika, maana najua hulicheleweshi.

Mimi ni Datius Rutaihwa, mkulima wa migomba na kahawa, baba wa Kokushubila, binti wa miaka kumi na tisa ambaye chakula kipo mezani naye hali. Kila Alhamisi tunamleta kwenu Muleba kwa mshauri wenu, Nancy. Kwa heshima zote, naomba mshauri huyo ahamishwe. Ikiwezekana apelekwe visiwani kwa wavuvi, watu wenye hisia nyingi na samaki wa kutosha. Sababu zangu ni hizi:

1. Ametuharibia mazungumzo ya mezani. Binti asisifiwe akila, asisemwe asipokula, asiambiwe amekonda wala amenawiri. Sasa tunakula kimya kama watawa, samahani Sista. Mke wangu Gaudiosa huanzisha habari za mvua. Mvua ya Bukoba hunyesha kila leo, haina habari. Juzi jirani yetu Vestina aliingia akamwambia binti kwamba amenenepa, kwa nia njema, kama wanavyosalimiana watu wenye adabu. Binti akaweka kijiko chini, na siku hiyo hakukishika tena. Mshauri alipoelezwa hakumlaumu Vestina. Aliniuliza mimi kwa nini sikumwita jirani nje akaone ng'ombe.

2. Amenikataza kutazama sahani ya binti. Nitazame wapi, waitu? Niliwahi kugeukia dirishani, lakini kulikuwa na giza nje na taa ndani, kwa hiyo sahani yote ikaonekana kwenye kioo. Gaudiosa akanishtaki kwa mshauri.

3. Anasema tatizo si chakula. Eti binti haogopi ndizi, anakimbia huzuni. Njaa humnyamazishia huzuni hiyo, na akishinda bila kula anaona walau leo kuna jambo moja amelimudu. Nilimjibu kwamba ukoo wetu hauna huzuni. Mama yangu Evodia, bibi aliyemlea binti huyu, alifariki mwezi wa tatu, na mimi sijatoa chozi hata moja. Nikijisikia vibaya nachukua panga naingia kwenye kibanja kupunguza majani ya migomba. Mshauri akauliza ni migomba mingapi iliyobaki na majani. Swali hilo ni la dharau, naomba lifutwe.

4. Anamfundisha binti kubishana na mawazo yake mwenyewe. Binti huwaza kwamba akiongeza ndizi moja tu, siku nzima imeharibika na yeye si mtu wa kufaa kitu. Mshauri anamwambia wazo si amri: linaweza kupita kama mpita njia, usilikaribishe ndani. Sista, vijana wakianza kukataa amri za vichwa vyao, zetu wazazi watazishika lini? Na hakuishia hapo. Alisema mimi na binti tunawaza namna moja, kwamba akibakiza ndizi moja, mimi nimeshaona jeneza. Alisema hivyo mbele ya mke wangu, na mke wangu akacheka. Si kweli. Mimi huanza na hospitali, ndipo jeneza lifuate.

5. Hajui mila. Nilimfundisha kwamba zamani bibi zetu hawakula senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Waliwaokota, wakawachambua, wakawakaanga, wakawatengea waume zao, na hakuna bibi aliyepelekwa kwa mshauri. Akaniuliza kama niliwahi kumuuliza mama yangu alijisikiaje. Hilo si swali la kumuuliza mtu ambaye mama yake yuko kaburini. Siku hiyo nilifika nyumbani nikamaliza migomba iliyokuwa imebaki.

Kwa hiyo, kabla ya Noeli, naomba tuletewe mshauri mwingine, atakayemwambia binti ale, kwa sauti kubwa, kama ninavyofanya mimi. Njia yangu haijafaulu bado, lakini ni kwa sababu niko peke yangu.

Wasalimie masista wote, wauguzi, na mlinzi wa getini anayeniazima mwavuli.

Ni mimi, katika Kristo na katika kibanja kisicho na majani,

Datius Rutaihwa

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, jana asubuhi senene walianguka. Tulikaa barazani kuwachambua, sote watatu. Bila kuulizwa, binti akaniambia, Tata, kazi hii inanikumbusha bibi, na bibi hakuwahi kuwaonja. Akaanza kulia. Nikainuka kuchukua panga, nikakumbuka shambani hakuna tena cha kukata, nikaketi. Sista, nililia mpaka Gaudiosa akaninyang'anya ungo. Alipowakaanga, binti akachukua mmoja, akasema huyu ni wa bibi, akamla. Kama alichukua wa pili sijui, maana nilikuwa natazama mvua. Mvua ya jana ilikuwa na habari nyingi.

Mchana alibakiza ndizi tatu (nilichungulia, mshauri asiambiwe). Niliona hospitali tu, jeneza halikuja.

Nancy asihamishwe. Alhamisi binti akiingia kwake, sitasubiri nje kama kawaida yangu. Naomba kiti.